Mshale Uliosomwa "A"

Kengele ya mwisho ilipolia na wenzake wakakimbilia uwanjani, Mawingu alishika njia ya maktaba. Ndivyo alivyofanya kila siku ya shule. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilitazamana na lango la maktaba, barabara ikiwa katikati. Mtoto alisoma huko mpaka mama amalize kushona, kisha wakarudi nyumbani pamoja.

Mawingu halikuwa jina la kwenye cheti. Alilipata darasani siku mwalimu wa hesabu alipomuuliza nusu ya robo ni ngapi, naye akageuka kutoka dirishani kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mto, akajibu kwamba itanyesha upande ule. Darasa lilicheka mpaka mwalimu naye akashindwa kujizuia. Jina likaganda. Msichana mwenyewe hakulichukia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kusema kweli macho yake yalipenda kwenda mahali ambapo miguu haikuwa imefika bado.

Maktaba ilimfaa mtu wa namna hiyo. Ilikuwa imefungwa kwa miezi minane ili paa lililovuja litengenezwe, na sasa ilikuwa imefunguliwa upande wa chini tu. Kuta zilinuka rangi mpya. Alasiri jua liliingia kwa madirisha marefu, na vumbi la vitabu likaelea ndani ya mwanga polepole, kama halina haraka ya kutua. Mawingu aliweza kulitazama vumbi hilo muda wa kurasa tatu.

Tatizo lilikuwa kwamba baada ya matengenezo hakuna kitu kilichorudi mahali pake. Watu waliotafuta magazeti walijikuta kwenye vitabu vya watoto, na bwana mmoja aliyeulizia vitabu vya sheria alifungua mlango akakutana na ndoo na mafagio. Basi mkutubi, mama mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi, aliamua uandikwe mwongozo mfupi utakaotumwa kwenye simu za wanachama wote. Alijua kuwa Mawingu alikuwa kwenye klabu ya kompyuta shuleni na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Ijumaa moja alimkalisha mbele ya kompyuta iliyokuwa karibu na dirisha, akampa karatasi yenye maelezo. Lango, kisha ukumbi. Ukumbi, kisha ngazi. Ngazi za kwenda juu, chumba cha kusomea. Ngazi za kushuka, ghala la magazeti, ambalo bado lilikuwa mikononi mwa mafundi.

"Tumia mishale badala ya maneno mengi," alimwambia. "Na ukimaliza, ifungue kwenye simu mbili tofauti kabla hujanipa. Kinachopendeza hapa huenda kule kisionekane."

Mawingu aliandika maneno yote kwa dakika chache. Mishale ndiyo iliyomtatiza. Vile vitufe vinne vyenye mishale pembeni mwa kibodi havikuandika kitu, vilisogeza tu alama ya mahali pa kuandika. Alijaribu kistari na alama ya "kubwa kuliko", akapata kitu kilichofanana na mwiba wa samaki. Akakifuta. Ndipo alipofungua orodha ya fonti, ile mitindo ya maandishi iliyomo ndani ya kompyuta, akakuta mmoja wa ajabu. Katika mtindo huo ukibonyeza herufi haitokei herufi, inatokea picha. Moja ilimpa mkasi, nyingine kengele, nyingine mkono ulionyoosha kidole. Akafungua jedwali lake lote na kulipitia mstari kwa mstari, na karibu na mwisho akaikuta mishale: minene, myeusi, yenye ncha zilizochongoka vizuri kama midomo ya ndege.

Aliichukua. Aliweka mmoja baada ya Lango, mwingine baada ya Ukumbi, wa kupanda na wa kushuka baada ya Ngazi. Kisha akaongeza mingine chini ya ukurasa kwa raha tu, safu nzima ikielekea kulia, na akaitazama mpaka ikaanza kusogea. Akaona kundi la mbayuwayu likipita juu ya uwanja mweupe usio na mwisho. Akawafuata. Sijui walikuwa wamefika wapi aliposikia viti vikisogezwa na kuelewa kwamba maktaba inafungwa. Ng'ambo ya barabara mama yake alikuwa ameshafunika cherehani na kumpungia mkono.

Alifuta safu ya mapambo haraka haraka. Mkutubi akaja, akavaa miwani, akainama kwenye kioo. Mishale ilikuwa imesimama imara kama askari wa gwaride. Akauliza kama ameifungua kwenye simu mbili.

"Ndiyo, mama," alisema Mawingu.

Neno lenyewe lilitoka jepesi, kama uzi unaovutwa kwenye shati. Hata yeye hakulisikia vizuri. Mkutubi alimshukuru, akabonyeza, na mwongozo ukaenda kwa wanachama mia mbili na zaidi.

Jumamosi asubuhi Mawingu alivuka barabara akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kusifiwa. Alichokikuta ni ukimya. Mlinzi wa maktaba, ambaye kila mtu alimwita Kamanda kwa jinsi alivyopiga pasi sare yake, alikuwa amesimama bila kofia. Kofia alikuwa ameishika kwa mikono miwili tumboni. Mbele yake mkutubi alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini sana. Na kwenye kiti kando ya mlango alikaa mzee mwenye koti la kijivu, fimbo nyeupe ikiwa imeegemea goti lake, kifundo cha mkono wake wa kushoto kikiwa kimefungwa bandeji.

Yule mzee alikuwa fundi wa vinanda. Alikuwa haoni tangu utotoni, lakini kwa miaka arobaini aliweka sawa sauti za vinanda vya shule na vya kumbi za mji mzima. Alikuwa ameitwa kwa ajili ya kinanda kikuukuu cha chumba cha kusomea, kwa sababu Jumamosi inayofuata ghorofa ya juu ingefunguliwa na watoto wangeimba. Alifika mapema kuliko alivyotarajiwa. Kamanda, aliyeagizwa asiondoke mlangoni, alikuwa amekwenda nyuma kwa dakika kumi kuwafungulia wabeba rafu. Fundi hakuwa mtu wa kusubiri kushikwa mkono. Yeye ni mwanachama, na mwongozo ulikuwa kwenye simu yake, simu inayosoma maandishi kwa sauti. Akaufuata. Akashuka ngazi za ghala, ambako mafundi walikuwa wameng'oa vidato viwili vya mwisho, akaangukia mkono.

Muuguzi wa zahanati ya jirani alisema hakuna mfupa uliovunjika, ni kuteguka tu. Lakini mkutubi alikuwa amekasirika kwa namna ya watu wapole, ambayo ni mbaya kuliko nyingine zote. Alimwambia Kamanda akae pale mezani aandike maelezo yake, kwa sababu taarifa lazima iende kwa wakubwa siku hiyo hiyo, na kwamba hawezi kumficha. Mlinzi aliyekuwapo kabla yake aliondolewa kwa kosa la kuacha lindo. Kamanda hakubisha. Alisema tu kwamba alijua mwongozo upo, akadhani mgeni hawezi kupotea. Kisha akavuta kiti.

Mawingu alisimama akiwa na mkoba mgongoni, asijue aende wapi. Hakuelewa bado. Alichofikiri ni kwamba Kamanda, aliyemwekea kiti cha dirishani kila alasiri, yuko taabuni, na moyo wake ukawa mzito kwa ajili yake.

Fundi ndiye aliyekata shauri la siku. Alisema mkono wa kulia ni mzima, nao ndio unaokaza nyuzi. Anachohitaji ni mtu wa kumgongea vitufe vya kinanda. Mkutubi alitazama huku na huku, akamwona Mawingu.

Wakapanda. Chumba cha kusomea kilikuwa kimya na kikubwa, meza zote zimefunikwa mashuka meupe, na mwanga wa asubuhi ulilala juu yake kama maziwa. Fundi alipapasa kinanda ubavuni jinsi mtu anavyompapasa ng'ombe wake, akafungua kifuniko, akaingiza ufunguo wa kukazia. Akamweleza kazi. Kila sauti moja ina nyuzi mbili au tatu ndani. Zikiwa hazijapatana, sauti inatikisika, inakwenda wo-wo-wo-wo kama inayumba ndani ya maji. Yeye atakaza taratibu, na Mawingu agonge tena na tena mpaka mtikisiko utulie.

Mawingu akagonga. Wo-wo-wo-wo. Akagonga tena. Wo, wo, wo. Fundi alizungusha ufunguo kidogo kiasi kwamba mkono wake haukuonekana ukienda. Wooo. Wooo. Kisha sauti ikanyooka, ikabaki moja, safi, na ikaenda mbali sana kabla ya kufa. Mawingu alihisi kama dirisha limefunguliwa mahali fulani ndani ya ukuta. Akageuza uso kumtazama fundi, akamkuta anatabasamu.

"Nyingine," alisema mzee.

Walifika kitufe cha ishirini hivi kabla hawajaanza kuzungumza. Mzee hakuwa na kinyongo. Alisema ameanguka mara nyingi maishani, na mara moja alianguka jukwaani mbele ya mkuu wa shule na wageni wake wote, na wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya tamasha. Ila kuna jambo lilikuwa bado linamsumbua.

"Nilifika penye ngazi nikasimama," alisema. "Fimbo iliniambia ziko mbili, za kupanda na za kushuka. Nikaiuliza simu. Ikaniambia, 'Ngazi, a, chumba cha kusomea.' Nikairudisha. 'Ngazi, a.' Sasa a ni nini? Nikaona labda herufi ya mlango. Za kushuka zilikuwa karibu zaidi, nikashuka."

Kidole cha Mawingu kilibaki juu ya kitufe. Aliomba kuusikia mwongozo. Mzee akatoa simu mfukoni, akaipapasa, na sauti ya mwanamke asiyechoka ikaanza kusoma. Lango, a, ukumbi. Ukumbi, a, ngazi. Ngazi, a, chumba cha kusomea. Ngazi, a, ghala la magazeti.

Mawingu akaangalia kioo cha simu. Hapakuwa na mshale hata mmoja. Penye mshale wa kulia palikuwa na herufi à, penye wa kupanda palikuwa na á, na penye wa kushuka â. Herufi ndogo zenye vijinyoya kichwani, na sauti ya simu ilikuwa imezisoma zote sawa.

Mbayuwayu wake wote walikuwa wameanguka.

"Gonga," alisema fundi.

Aligonga.

"Hicho ni cha jirani," alisema fundi kwa upole. "Rudi kimoja nyuma."

Waliendelea. Vidole viligonga, masikio yalisikia wo-wo-wo, lakini Mawingu hakuwa ndani yake. Alijua jinsi ya kukaa kimya, kila mtoto anajua. Hakuna aliyemtaja. Mzee hakujua nani aliandika, na hakuuliza. Mkutubi aliona mishale kwa macho yake mwenyewe ikiwa imesimama vizuri, basi hangedhani kuna tatizo. Na mashine huharibika zenyewe, watu wazima husema hivyo kila siku. Angeweza kugonga mpaka kitufe cha mwisho, akavuka barabara, na Jumatatu ingefika kama Jumatatu nyingine.

Lakini kutoka pale alipokaa, mlango wa chumba ukiwa wazi, aliweza kuona chini hadi ukumbini. Kamanda alikuwa ameinama mezani. Kalamu ilikuwa ndogo kwenye mkono wake. Aliandika neno, akasimama, akafikiri, akaandika jingine, akiwa ameiweka kofia juu ya goti na kuishika kwa mkono mwingine isidondoke sakafuni. Alionekana kama mwanafunzi aliyebakizwa darasani wenzake wote wakiwa wamekwenda.

Sauti iliyokuwa ikitikisika ilinyooka. Mzee alingoja agonge kingine. Hakugonga.

"Fundi," alisema, "ile mishale niliiandika mimi."

Mzee alitoa ufunguo kwenye kinanda, akautia mfukoni. Mawingu akaendelea. Akamweleza fonti ya picha, na simu mbili ambazo hakufungua hata moja, na lile neno ndiyo. Hilo ilibidi aliseme mara mbili.

"Mimi nimeteguka mkono tu, utapona," alisema fundi. "Kule chini kuna anayeumia kuliko mimi. Nenda kwake kwanza. Kinanda kitangoja."

Ngazi zile zilikuwa na vidato ishirini na viwili, na Mawingu alivihesabu vyote. Mkutubi alikuwa amesimama nyuma ya Kamanda akisubiri karatasi. Msichana aliwaamkia tena ingawa alikuwa ameshawaamkia asubuhi, kwa sababu hakujua aanze na nini. Kisha akasema yote, akiangalia vifungo vya sare ya Kamanda.

Mkutubi alivua miwani, ikaning'inia.

"Nilikuuliza kama umeifungua kwenye simu mbili," alisema.

"Nilisema uongo, mama."

Nje pikipiki ilipita, sauti yake ikafifia. Mkutubi alichukua karatasi ya Kamanda kutoka mezani. Maelezo yalikuwa mistari minne. Akaikunja mara mbili, akamgeukia mlinzi, na akafanya jambo ambalo Mawingu hakuwahi kumwona mkubwa akilifanya mbele ya mtoto. Aliomba radhi. Alisema dakika kumi za kuwafungulia wabeba rafu zilikuwa kazi ya maktaba vilevile, na kwamba alikimbilia kumhukumu mtu kabla ya kuuliza mgeni amepotea vipi. Akaongeza kwamba hata yeye alituma mwongozo kwa watu mia mbili bila kuufungua kwenye simu yake mwenyewe, na ikiwa kuna taarifa ya kwenda kwa wakubwa, itaanza na hilo. Kamanda alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavaa kofia, akainyoosha kwa kidole, akasema haina neno, mama.

Kwa Mawingu haikuishia hapo. Mkutubi aliwatumia wanachama ujumbe kwamba mwongozo wa jana una makosa wasiufuate, kisha akavuka naye barabara, akamsimamisha mbele ya cherehani ili amweleze mama yake kwa kinywa chake. Mama alisikiliza mguu ukiwa juu ya kanyagio. Hakumpigia kelele. Alisema tu kwamba wiki nzima badala ya vitabu vya hadithi atasaidia kupanga rafu mpya, na kwamba leo hatarudi nyumbani mpaka alichokiharibu kitengenezwe. Mawingu aliona ni haki, na akashangaa kuona hivyo.

Alirudi juu, akagonga vitufe vilivyobaki vyote, bila kupotea hata kimoja.

Mchana walikusanyika kwenye kompyuta ya dirishani. Mkutubi alimwonyesha kilichotokea. Alisema kompyuta haitunzi michoro ya herufi, inatunza namba. Kila alama duniani imepewa namba yake, nchi kwa nchi zimekubaliana, ili alama iliyoandikwa kwenye mashine hii ifike kwenye nyingine ikiwa ileile. Herufi ina namba yake, koma ina yake, na mshale pia. Mawingu alikuwa ameweka namba ya herufi, kisha akaivalisha nguo ya mshale. Kwenye kompyuta hii nguo ilikuwapo kabatini. Kwenye simu za watu haikuwapo, herufi ikabaki uchi.

"Na simu yangu haiangalii nguo kabisa," alisema fundi, aliyekuwa amekaa nyuma yao. "Yenyewe inauliza namba tu. Nawe ulimpa mtu wa mlangoni kitambulisho cha mwingine."

Mkutubi alifungua ukurasa mpya wenye fonti ya kawaida. Akamwambia aandike 2192, halafu abonyeze vitufe viwili pamoja, kile kilichoandikwa Alt na herufi X. Mawingu akabonyeza. Tarakimu nne zilitoweka, na mahali pake pakatokea mshale mwembamba.

→

Haukuwa mzuri kama ule wa kwanza. Haukuwa na unene, wala ncha ya mdomo wa ndege. Lakini Mawingu alihisi nywele za mikono zikisimama, kwa kufikiria namba ileile ikisubiri ndani ya mashine za miji asiyoijua, kwenye lugha asizozisikia, na kila mahali ikigeuka kuwa kitu kilekile kinachoelekea upande uleule. Akaandika 2191, ukaja wa juu. 2193, ukaja wa chini. 2190 ulikuwa wa kushoto, hakuuhitaji, lakini aliuandika auone, kisha akaufuta.

Safari hii walituma kama ujumbe wa kawaida, kwanza kwa fundi peke yake. Simu yake ikasoma: "Ngazi, mshale wa juu, chumba cha kusomea." Mzee akagonga fimbo sakafuni kwa kuridhika. Kisha kwa mkutubi. Mishale ilikuwa mahali pake. Mkutubi alikuwa tayari kuwatumia wanachama wote, kidole kiko juu ya kitufe, Mawingu alipoomba asubiri kidogo. Alikimbilia mlangoni, akamwomba Kamanda simu yake. Ilikuwa simu ya vitufe, ya zamani, kioo kimepasuka pembeni na kufungwa kwa gundi ya karatasi.

Ujumbe ukaingia. Penye mishale palikuwa na visanduku vitupu.

□ □ □

Mawingu alidhani atalia. Alijua namba ni za kweli. Mkutubi alikuja, akatazama, akasema simu hii imepokea namba sawasawa lakini haikutengenezwa na mchoro wake, ndiyo maana inachora kisanduku, kama mtu anayekubali kwamba amepokea barua asiyoweza kuisoma. Alisema wanachama wengi wana simu za namna hiyo.

Msichana alirudi kwenye kompyuta, akakaa. Jua lilikuwa limehamia kwenye kibodi na vumbi lilielea mbele ya uso wake, akalipita kwa macho bila kulifuata. Baada ya kila mshale aliongeza neno. Lango → kulia, ukumbi. Ngazi ↑ panda, chumba cha kusomea. Ngazi ↓ shuka, ghala la magazeti, pamefungwa. Akatuma tena kwa simu tatu, akazunguka kwenye simu zote tatu, akasoma kila moja kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa Kamanda visanduku vilikuwapo bado, lakini maneno yalijieleza yenyewe. Kwa fundi sauti ilisema, "Ngazi, mshale wa juu, panda." Mzee akacheka, akasema sasa anaambiwa mara mbili, sawasawa na nyumbani kwake.

Ndipo mkutubi alipobonyeza.

Jumamosi iliyofuata mji ulikuja. Watu walifungua simu langoni, wakaingia, wakapanda, na hakuna aliyeishia kwenye mafagio. Kamanda alisimama mlangoni, na Mawingu alikuwa kando yake akigawa karatasi za nyimbo, fundi wa vinanda alipofika peke yake, bandeji imeshatoka. Kamanda alitaka kumshika mkono. Mzee alikataa kwa adabu, akaweka simu sikioni. Wakamtazama akivuka ukumbi, akisimama penye ngazi, akisikiliza. Kisha akapanda, kidato baada ya kidato, mpaka fimbo nyeupe ikapotea juu.

Mawingu alishusha pumzi. Ndipo alipopata ujasiri wa kumuuliza Kamanda kama amemsamehe.

Kamanda alifikiri kwanza, kama alivyofikiri siku ile na kalamu.

"Mishale nilikusamehe siku ileile," alisema. "Kosa la vidole hurekebishwa kwa vidole, umeliona mwenyewe. Kilichoniweka kwenye ile meza ni ndiyo yako. Sikiliza, mwanangu. Mtu akikuuliza kama umekagua, na wewe hujakagua, usione aibu. Sema bado. Utachekwa kidogo, utachelewa kidogo, utarudi ukague. Lakini hiyo bado yako haitamwangusha mtu ngazini."

"Ndiyo, Kamanda," alisema Mawingu, na safari hii alilisikia neno lenyewe likitoka.